Flaiwili "ya resi": nimelipa 850,000 nikafungiwa chuma kilichochongwa, na familia yangu imepanda gari hilo wiki sita

Wakuu, nina hasira na leo sizunguki. Nimekaa siku nne nikijizuia kuandika nisije nikamvunjia mtu heshima, lakini jana jioni fundi mwingine ameshusha giaboksi ya gari langu na kitu nimekiona kwa macho, nimekishika kwa mikono. Gereji siitaji kwa sababu hela yangu bado iko kwao na mazungumzo hayajaisha. Flaiwili ni lile duara zito la chuma kati ya injini na giaboksi, ambalo klachi inakamata. Nawaomba msome, hasa nyie wenye magari ya turbo ya gia za mkono mnaoambiwa kila siku "weka flaiwili nyepesi, gari litaruka".

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2003, injini ya lita 2 yenye turbo, gia 5. Klachi ilianza kuteleza: nakanyaga mafuta nikiwa gia ya nne, sindano ya mizunguko ya injini inapanda, mwendo hauongezeki. Nikalipeleka gereji wabadilishe klachi, basi. Giaboksi ikiwa chini, fundi mkuu akanipigia simu: "Bosi, tumeshafungua, tukuwekee na flaiwili ya resi humo humo. Utaongeza farasi 15." Nilipofika akawasha gari jingine pale uani, akalipiga resi mara tatu. Sindano inapanda kwa kishindo, akiachia inaanguka palepale. Akanitajia Safari Rally, akanitajia Impreza ya dereva Colin McRae iliyoshinda mwaka 1997. Safari ile nilikuwa naifuatilia na marehemu baba, kwa hiyo hapo alinishika. Nikatoa 850,000 ya flaiwili na 250,000 ya ufundi.

Hakuniuliza swali hata moja. Gari unalipeleka wapi kila siku? Unakaa foleni saa ngapi? Nani mwingine analiendesha? AC unawasha? Hakuna. Alitazama bajeti yangu tu.

Sasa niseme haki, maana flaiwili nyepesi yenyewe haina kosa. Injini ya silinda 4 inasukumwa mara mbili kwa kila mzunguko, na katikati ya misukumo hiyo krenki, ile shafti kuu ya injini, inataka kupunguza mwendo. Uzito wa flaiwili ndio unaoibeba mpaka msukumo unaofuata. Ukiupunguza, injini inapanda haraka na kushuka haraka. Kwa mtu wa kiwanja cha mbio au wa rali hilo ni jambo kubwa: ukishusha gia kabla ya kona, vidole kwenye breki na kisigino kwenye mafuta, injini inalingana na giaboksi mara moja. Gia ya kwanza na ya pili gari linachomoka. Usiku wa kwanza nililipitisha barabara ya Bagamoyo ikiwa tupu, nikafurahi kweli, sikatai.

Lakini farasi 15 ni uongo. Flaiwili haitengenezi nguvu. Inachofanya ikiwa nyepesi ni kula nguvu kidogo kuliko ile nzito wakati injini inapanda, na injini ikitulia kwenye mwendo mmoja faida inakuwa sifuri. Mdogo wangu amesoma uhandisi, alikaa na kalamu akanipigia hesabu. Kilo 3 zikiondoka umbali wa sentimita 11 kutoka katikati, kwenye gia ya kwanza ambapo injini inazunguka kama mara 14 tairi likizunguka mara 1, ni kama umeshusha karibu kilo 70, yaani abiria mzima. Gia ya tano, injini ikizunguka kama mara 3 tu kwa tairi, hazifiki hata kilo 4. Gari lile lile, chuma kile kile! Kwa hiyo ukiwa Chalinze unapita lori kwa gia ya tano, ulichonunua kwa 850,000 ni sawa na kuacha nyumbani mfuko mdogo wa unga. Hilo nani analisema dukani?

Na upande wa pili wa biashara hii nimeukuta mwenyewe, siku hadi siku.

Kwanza sailensa, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama bila kukanyaga mafuta. Gari lilikuwa linatulia kwenye mizunguko kama 700 kwa dakika bila shida. Sasa ukiwasha AC, na Dar hii AC utaizima lini, kompresa ikishika tu injini inashuka, inatikisika, mara nyingine inazima kwenye taa. Nikarudi gereji wakanipandishia sailensa karibu na 1,000, wakasema tatizo limekwisha. Halijaisha, limefunikwa, na mafuta yanaliwa nikiwa nimesimama Buguruni.

Pili, kelele. Ukiwa fri, gia haijaingia, kuna mlio kwenye giaboksi kama kokoto ndani ya debe. Ukikanyaga klachi unakata, ukiachia unarudi. Fundi wa kwanza akadai beringi za giaboksi zimekufa, akataka laki nne nyingine. Fundi wa sasa alicheka tu kwa uchungu: hiyo ni meno ya gia yanagongana kwenye nafasi zake ndogo kwa sababu misukumo ya injini inafika giaboksi bila kupozwa na uzito wa flaiwili. Kwa hiyo hata tatizo walilolisababisha wao walitaka kuniuzia.

Tatu, taa ya injini. Ilikuwa inawaka, ukipima inatoa namba za hitilafu P0301 mpaka P0304, yaani silinda kukosa kuwaka. Nikabadilisha plagi, nikabadilisha koili mbili za kuwashia plagi. Hakuna. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inatambua silinda iliyokosa kuwaka kwa kuangalia krenki inavyoyumba mwendo, na flaiwili ikiwa nyepesi krenki inayumba zaidi hata kama silinda zote ni nzima. Hela ya koili hainirudii.

Nne ndiyo iliyonifanya niache kunyamaza. Mke wangu anaendesha gia za mkono miaka kumi na moja, si mgeni wa klachi. Kilima cha mtaani kwetu Kimara, mvua, mtoto kiti cha nyuma. Kwa flaiwili ya zamani unaachia klachi taratibu na ule uzito unakusaidia kulitoa gari. Kwa hii, usipoongeza mafuta ya kutosha linazima. Akaongeza, klachi ikatikisika, gari likazima, likarudi nyuma. Mara tatu. Mara ya tatu likagusa bajaji iliyokuwa nyuma, ndani yake mama amebeba mtoto mchanga. Hakuna aliyeumia, taa ya bajaji tu ilivunjika, nimelipa. Alipofika nyumbani mikono ilikuwa bado inatetemeka, akaweka funguo mezani akasema, "Baba Neema, mimi gari hili siendeshi tena." Nikaona aibu mbele ya mke wangu kwa kitu ambacho sikukosea mimi.

Hayo yote ningeyameza. Ningesema nimejifunza, flaiwili nyepesi ni ya kiwanja na si ya Kimara. Lakini kilichonitoa machozi ni mtikisiko uliokuwa unakuja nikifika mizunguko 4,000, unaingia mpaka kwenye pedali. Ndiyo jana ikashushwa.

Boliti 8 zikatoka, flaiwili ikawekwa juu ya boksi. Upande wa mbele imepakwa rangi ya dhahabu. Tukaigeuza. Nyuma kumechimbwa kwa mashine ya kuchongea, mistari ya kisu inaonekana kama mistari ya sahani ya santuri. Namba iliyotoka na chuma kiwandani imekatwa katikati, nusu ipo nusu haipo. Vile vishimo vidogo ambavyo kiwanda kinatoboa ili isawazike vimechongwa mpaka vimekaribia kupotea, na hakuna vipya, maana yake haijawahi kusawazishwa tena. Kwenye uso unaokutana na klachi kuna madoa ya bluu ya moto, na pembezoni fundi akapitisha kucha akaniambia "shika hapa". Nyufa. Nyembamba kama nywele, lakini kucha inazisikia. Tukavuka mpaka duka la nafaka tukaipima: kilo 5.3. Flaiwili ya WRX nyingine aliyokuwa nayo fundi, mizani ile ile, kilo 8.5.

Wakuu, hii ni flaiwili ya kawaida, pengine hata ni ile ile iliyotoka kwenye gari langu, maana yangu sikurudishiwa. Ni chuma cha kumimina, kasti. Kuchonga uso wake kidogo ili klachi mpya ikae vizuri ni jambo la kawaida, kila siku linafanyika. Kutoa kilo 3 mgongoni ni jambo jingine kabisa. Kasti inavumilia kubanwa, haivumilii kuvutwa, na flaiwili ikizunguka inavutwa kwenda nje pande zote. Chukua duara la kipenyo cha sentimita 28, lizungushe mara 7,000 kwa dakika: ukingo wake unakimbia zaidi ya mita 100 kwa sekunde, karibu kilomita 370 kwa saa. Likipasuka, kati yake na miguu ya dereva kuna ganda la alumini la giaboksi na bati. Marekani kwenye mbio za mstari mnyooka, magari ya kasi hayaruhusiwi kushindana bila flaiwili yenye cheti cha usalama cha SFI, shirika la viwango vya vifaa vya mbio, na hawakuweka sheria hiyo kwa kupenda karatasi. Watu walikatwa miguu.

Flaiwili nyepesi ya kweli inatengenezwa nyepesi tangu mwanzo. Ama ni feleji aina ya kromoli, kipande kimoja, ama ni alumini yenye sahani ya chuma iliyofungwa kwa boliti pale klachi inapokamata, kwa sababu alumini yenyewe haiwezi msuguano ule. Inakuja na boksi, na namba, na uzito umeandikwa. Fundi akikuletea iliyofungwa kwenye gazeti, usilipe. Kabla haijafungwa ipeleke kwenye mizani, igeuze uangalie mgongo, na flaiwili yako ya zamani ondoka nayo.

Na wenye magari ya dizeli na yale ya Ulaya yenye flaiwili ya vipande viwili vyenye springi ndani, msidanganywe kabisa kwamba kuweka ya kipande kimoja chepesi ni "kuboresha". Zile springi ziliwekwa makusudi kuilinda giaboksi.

Nimempigia simu yule fundi mkuu. Kaniambia, "Bosi, wote wanafanya hivyo, na hakuna iliyopasuka." Nimelirudia neno hilo kichwani usiku mzima. Kuna magari mangapi mjini yamefungwa hivi, na wenyewe wanapeleka watoto shule?

Nyongeza: Mkuu aliyeniuliza kama ningekubali flaiwili nyepesi halali kwa gari hili hili, jibu langu ni kwamba kwa gari la pili, la wikiendi, ningekubali, tena si ya chini kabisa kwa uzito. Kwa gari ambalo mke wangu analipandisha kilima na AC imewashwa, hapana. Na aliyesema nimpe muda fundi wa watu, muda nimempa wiki sita.

Flaiwili ninayo mimi, imefungwa kwenye gunia, picha za mgongo wake nazipandisha leo jioni. Natafuta orijino ya WRX ya gia 5, ile ya klachi ya kuvuta ya milimita 230, isiyochongwa. Mwenye nayo aje inboksi, nakuja na mizani yangu.