Maua ya Kihungaria kwenye sweta yanaikunja, nakosea wapi?

MamaShamsa_Chumbageni:
Wadau wa sindano habari zenu. Niko Tanga mjini, nafuma sweta kwa mkono nampelekea shangazi angu Lushoto anauza, maana huku kwetu na hili joto nani atavaa sweta labda mwenye homa. Sasa mteja mmoja kamuonyesha picha ya kizibao cha Hungaria, maua mekundu, manjano, bluu, zambarau yamejaa kifua kizima, akasema nataka sweta nyeusi yenye haya haya. Nami nikajitia ujuzi. Siku kumi na moja nafuma, nikachora ua kwa chaki, nikabana fremu ya duara nikalijaza kwa uzi wa kudarizi, kuja kutoa fremu ua limekaza katikati na pembeni sweta inapiga mawimbi kama ngoma iliyonyeshewa 😭 Na jingine nilishona kwenye kitambaa cheupe cha kochi, nilipofua nyekundu yote ikachuja, maua utadhani yamechinjwa. Hivi hayo maua yana utaratibu au unajaza tu?

Bibi_Kofia:
Pole mwanangu. Kosa lako ni hiyo fremu. Sweta inavutika, ukiibana unaishona ikiwa imetanuka, ukiiachia yenyewe inarudi ila ua halirudi. Itandaze mezani tu. Chora ua kwenye karatasi nyembamba, ipige bandi (ishikize kwa mishono mirefu ya muda) juu ya sweta, darizi juu ya karatasi kwa uzi wa sweta ule mwembamba (sio huu wa kung'aa unakata), mkono mlegevu, ukimaliza ichane polepole, vipande vilivyokwama vitoe kwa kibanio cha nyusi. Na petali likiwa pana ligawe mara mbili, mshono mrefu kwenye sweta kila kifungo kitaudaka. Mimi mtu wa kofia za vito, zile za kudarizi kwa mkono, macho yangu ndo hayataki tena.

Fundi_wa_Ngamiani:
Utaratibu upo dada, tena sio mmoja. Kuna ya Kalocsa, mji wa huko Hungaria, kwenye kitambaa cheupe mara nyingi, maua yana nafasi nafasi, mpaka pilipili wanazidarizi maana mji wenyewe unasifika kwa pilipili nyekundu. Alafu kuna ya Wamatyó, watu wa Mezőkövesd, mji mwingine wa huko huko, hiyo ndo mara nyingi unaikuta kwenye nyeusi, mawaridi makubwa yamebanana hamna pa kupumua, UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2012. Picha ya mteja wako kwa unavyoelezea naona ni hii ya pili. Na kule kulikua na wanawake kazi yao kuchora tu, wengine wanashona, kama kofia zetu tu mchoraji mwingine mshonaji mwingine. Kwahiyo kama kuchora huwezi tafuta mchoraji usione aibu.

Zulfa_bomani:
Kuhusu kuchuja, kabla hujashona loweka kipande cha uzi mwekundu, kibane kwenye kitambaa cheupe upige pasi ya moto, kikiacha alama huo uzi sio. Hata hao wa Kalocsa walianza na nyeupe juu ya nyeupe, rangi zilikuja baadae. Kile cha kochi kama bado kibichi usikianike! Maji ya baridi mengi, badilisha mpaka yawe meupe.

mzee_wa_Raskazone:
Kwani asumini na mkilua wa hapa vimekosa nini mpaka mtafute maua ya Ulaya?

Bibi_Kofia:
Mzee anayelipa ndo anachagua ua.

MamaShamsa_Chumbageni:
Asanteni jamani. Cha kochi nilishaanika tangu juzi Zulfa 🙈 Nimeanza kufumua lile ua la sweta kwa wembe, nimekata na uzi wa sweta yenyewe sehemu mbili, saivi nashika vifundo visije vikakimbia hadi chini na mteja ashapiga simu mara mbili. Bibi, hapo palipokatika nikiliweka waridi jipya juu yake pataonekana?

Bibi_Kofia:
Kwanza funga vifundo kwa uzi mweusi, ndo uliweke. Likae kubwa.