Mrejesho: FLAC au MP3 kwenye redio ya gari

Wakuu, niliuliza kama flashi ya gari niijaze FLAC (faili la muziki lililobanwa bila kupoteza chochote cha sauti) au MP3 ya 320 inatosha (kilobiti 320 kwa sekunde; MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo). Asanteni sana kwa ushauri.

Nimejaribu taarab moja ya dakika 10, kutoka CD ileile: MP3 MB 24, FLAC zaidi ya 60. Injini ikiwa imezimwa na vioo juu, nahisi FLAC inatoa mlio wa kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab) safi kidogo, ule mguso wa kidole kwenye uzi. Nikiingia barabarani, matairi na upepo vinafunika, sisikii tofauti kabisa.

Zile MP3 za 128 nilizopakua zamani ndizo mbovu: matoazi yanakwaruza, na kuzigeuza FLAC hakukurudisha kitu, faili limenenepa tu. Nazirekodi upya kutoka kwenye CD. Garini 320, FLAC zinabaki nyumbani.