Sarafu na stempu za marehemu mjomba: niziuze kwa mnada wa mtandaoni au kwa bei iliyopangwa?

Mjukuu wa Fundi (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Leicester, na kwa miezi miwili sasa ninahangaika na bati la biskuti tuliloachiwa na marehemu mjomba wangu, aliyekuwa fundi wa reli Tabora kabla ya kuhamia Uingereza mwaka 1974. Ndani yake tulikuta sarafu 38 za heller 20, fedha ndogo ya enzi ya Mjerumani, zilizopigwa Tabora mwaka 1916, rupia mbili za fedha za enzi ya Mjerumani, pesa kadhaa za shaba za Sayyid Barghash zenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, pamoja na albamu ya stempu za Zanzibar zilizopigwa juu yake maneno JAMHURI 1964. Familia imekubaliana viuzwe na fedha zigawanywe, na kazi hiyo nimekabidhiwa mimi.

Nilianza na rupia moja kwa kujaribu. Niliipiga picha moja tu, nikiwa nimeishika kiganjani chini ya taa ya jikoni, nikaipa tangazo kichwa chenye maana ya "sarafu ya zamani ya Afrika", kisha nikaweka mnada wa siku tatu unaoanzia peni 99, ambao ulifungwa Jumatano saa nne asubuhi. Watu wawili tu walitaja dau, na rupia ikaondoka kwa pauni 7.20. Wiki hiyohiyo, nilipotafuta kwa makini, niliona rupia za aina hiyo zilizokwisha kuuzwa kwa zaidi ya pauni 30. Watoto wa mjomba hawajanilaumu kwa maneno, lakini kimya chao nakisikia.

Naomba mnisaidie kabla sijaharibu zaidi. Je, vilivyobaki niviweke kwenye mnada au nivipangie bei? Kama ni mnada, nianzie bei gani, na je, ile bei ya chini ya siri, ambayo dau lisipoifikia muuzaji halazimiki kuuza, ina faida yoyote kwa mtu kama mimi?

Dalali Mstaafu

Pole kwa msiba, ndugu yangu, na pole kwa hiyo rupia.

Mimi nilikulia karibu na Feri, Dar es Salaam, ambako samaki huuzwa kwa mnada. Dalali anayejua kazi yake hatangazi fungu la nguru kabla wanunuzi hawajasimama kulizunguka, kwa sababu bei haipandishwi na yule anayemtaka nguru kuliko wote, bali na yule wa pili anayekataa kumwachia. Mtandaoni jambo hili liko wazi zaidi kwa namna mfumo wenyewe unavyofanya kazi. Katika eBay, soko la mtandaoni lenye minada, mnunuzi huandika kwa siri kiwango cha juu kabisa anachokubali kulipa, kisha mfumo humpandishia dau kidogokidogo, kwa kiasi kinachotosha tu kumpita mwenzake. Tuseme mtu mmoja yuko tayari kulipa pauni 60 kwa rupia yako na mwingine ameishia pauni 22. Rupia itauzwa kwa pauni 23, na zile 37 zilizobaki mfukoni mwa mshindi wala hutajua kwamba zilikuwapo.

Kwa hiyo, kabla ya kujiuliza kitu kina thamani gani, jiulize kama katika siku saba au kumi zijazo watapatikana watu wawili wanaokitaka kwa nguvu zinazokaribiana. Wakipatikana, weka mnada. Ikiwa mnunuzi wake ni mmoja ambaye huenda akapita baada ya miezi mitatu, mpangie bei na umsubiri, kwani tangazo la namna hiyo hujirudia lenyewe kila mwezi mpaka kitu kinunuliwe au wewe uliondoe. Na kitu ambacho bei yake kila mtu anaijua hakipati faida kubwa mnadani, kwa kuwa anayekuja huko huwa anatafuta nafuu. eBay ilipoanza mwaka 1995 ilikuwa mnada mtupu, lakini leo sehemu kubwa ya bidhaa zake, hasa zilizo mpya, huuzwa kwa bei iliyopangwa.

Jambo la pili ni kwamba usidanganyike na bei wanazoomba wauzaji wengine, maana kuomba hakuna gharama. Chuja matokeo ya utafutaji yabaki yale yaliyouzwa tu.

Bi Heller

Namuunga mkono Dalali, ila naomba niseme jambo ambalo familia haitalifurahia. Hizo heller 20 si adimu kama mnavyodhani. Zilipigwa kwenye karakana ya reli wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, koloni lilipokuwa limefungiwa njia ya baharini na fedha mpya haziwezi kufika kutoka Ujerumani, na zilipigwa kwa wingi. (Vijana wengi hawajui kwamba neno "hela" tunalolitumia kila siku limetokana na heller hiyohiyo.) Kinachotofautisha bei yake ni hali ya sarafu na aina ya muhuri uliotumika, kwa kuwa muhuri haukuwa mmoja: umbo la taji hutofautiana, na vilevile miisho ya mapambo yaliyo upande wa pili. Zitazame moja moja kwa lenzi, ukilinganisha na picha za katalogi, uzitenge kwa mafungu.

Za kawaida zipangie bei, uziweke tatu au nne kwa wakati mmoja, na uruhusu wanunuzi watoe ofa. Ukimwaga 38 kwa siku moja utakuwa unashindana na nafsi yako, kwani mnunuzi akikosa moja anajua ziko 37 nyingine. Ikitokea ukakuta aina isiyo ya kawaida, hiyo ndiyo ya kuweka kwenye mnada, tena peke yake.

Naomba pia unijibu swali moja: je, mmezisafisha?

Mjukuu wa Fundi

Dada, nashukuru, na swali lako limenigusa pabaya. Mama yangu alizisugua sita kwa ukwaju na majivu, kama alivyozoea kusugua sinia za shaba nyumbani, na sasa zinang'aa kiasi cha mtu kujiona. Alidhani ananisaidia.

Bi Heller

Mwambie mama asante, lakini 32 zilizobaki zisiguswe hata kwa kitambaa. Mkusanyaji wa sarafu hulipia ule weusi uliotulia juu ya sarafu kwa miaka mia moja, na akiona mng'ao wa ukwaju anaondoka. Hizo sita ziuze kwa pamoja kama fungu moja la bei nafuu, na uandike waziwazi kwamba zimesafishwa, ili zisije zikarudishwa kwako pamoja na malalamiko.

Mwalimu wa Hesabu

Kuhusu bei ya kuanzia, watu wengi watakukataza kuanzia chini, nami naona kosa lako halikuwa hizo peni 99. Watafiti waliochunguza minada ya eBay wamewahi kuonyesha, mwaka 2006, kwamba bei ndogo ya kuanzia mara nyingi huishia kwenye bei kubwa, kwa sababu huwavuta watu wengi mapema, nao wakishaingia huona uchungu kutoka, na wanaopita wakiona madau mengi huamini kwamba kitu kina thamani. Lakini watafiti haohao walionyesha kwamba nguvu hiyo hupotea pale tangazo linapofichika, kwa mfano jina la kitu linapoandikwa vibaya hata watu wasilipate katika utafutaji. Tangazo lako lilifichika. Mtu anayetafuta sarafu za Afrika Mashariki ya Kijerumani huandika jina la koloni, neno rupia kwa Kijerumani na mwaka, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kwenye kichwa chako cha habari.

Sitaki Hasara

Mwalimu, kwa heshima zote, hesabu hizo ni nzuri kwa mtu mwenye vitu mia moja, ambaye akipoteza kwa kimoja anafidia kwa kingine. Huyu ndugu amebakiwa na rupia moja. Mimi niliwahi kuanzisha lenzi ya kamera kwa peni 99 nikiwa na picha kumi na maelezo kamili, watu 23 wakawa wanaifuatilia, nikajenga matumaini, na ikauzwa kwa pauni 11. Wanaofuatilia si wanunuzi. Tangu siku hiyo huanzia kwenye kiasi cha chini kabisa ambacho sitakijutia, hata kama nitapata dau moja tu.

Mwalimu wa Hesabu

Hapo sina ubishi nawe. Kitu kikiwa kimoja, na muuzaji akiwa anatoa hesabu kwa familia, aanzie pale anapoweza kuvumilia. Ile bei ya siri mimi siipendi: ada yake hutozwa hata kitu kisipouzwa, na mnunuzi akiona maandishi kwamba kiwango hakijafikiwa huhisi anachezewa. Bei ya kuanzia iliyo wazi hufanya kazi ileile bila gharama hiyo wala kumkera mtu.

Mjukuu wa Fundi

Nimewaelewa. Binamu yangu mmoja amependekeza kwamba nikianzia chini, yeye na mkewe wawe wanataja madau ili kusukuma bei, na ikiwaangukia wao tutairudisha tu sokoni. Je, hilo lina ubaya?

Dalali Mstaafu

Lina ubaya mkubwa, na mwambie binamu aache leo. Kanuni za mtandao zinakataza ndugu na jamaa wa muuzaji kutaja dau kwenye bidhaa yake, na hapo Uingereza jambo hilo linaweza kumfikisha mtu mahakamani. Mwaka 2010 muuzaji mmoja alitozwa faini kwa kosa la kujitajia dau mwenyewe. Isitoshe, wakusanyaji wa sarafu za eneo moja ni wachache, wanajuana, na hukumbuka kitu walichoshindwa kukipata wakikiona tena baada ya wiki mbili.

Msafiri wa Hamburg

Naongeza neno kuhusu wakati. Wanunuzi wengi wa sarafu hizo wako huku Ujerumani, na saa zetu ziko mbele ya zenu kwa saa moja. Jumatano saa nne asubuhi sisi tuko kazini. Madau ya maana hutajwa katika dakika, wakati mwingine sekunde, za mwisho, kwa hiyo muda wa kufunga ni muhimu kuliko muda wa kufungua. Ukiweka mnada wa siku kumi Alhamisi jioni, utapita Jumamosi mbili na kufungwa Jumapili jioni saa ileile. Kumbuka pia kwamba tangu Julai 2021 kila kifurushi cha bidhaa iliyonunuliwa kinachoingia Umoja wa Ulaya kutoka nje hutozwa kodi ya ongezeko la thamani hata kiwe cha bei ndogo, na mnunuzi wa huku huitoa kodi hiyo kwenye dau lake kabla hajakuandikia. Gharama ya posta iandike mapema, ikiwa na ufuatiliaji, kwa sababu asiyeijua hatataja dau.

Bi Heller

Nami nikumbushe kwamba hapo Uingereza, muuzaji anapofikisha mauzo 30 kwa mwaka, au takriban pauni 1,700, taarifa zake hupelekwa HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza. Kupelekwa taarifa si sawa na kudaiwa kodi, lakini ukiuza heller 32 moja moja utaivuka idadi hiyo kwa urahisi, basi weka kumbukumbu zinazoonyesha kwamba ni mali ya urithi.

Mtunza Albamu

Mmeisahau albamu, nayo ndiyo ya kuangaliwa kwa uangalifu zaidi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, stempu zilizokuwapo Zanzibar ziligongwa kwanza kwa muhuri wa mkono palepale, na baadaye zikaja zilizochapwa kiwandani. Zilizochapwa ni za kawaida, na seti yake unaweza kuipangia bei bila wasiwasi. Za muhuri wa mkono zina mikao ya ajabu, nyingine zimegongwa kichwa chini au mara mbili, na hizo ndizo zinazotafutwa. Lakini muhuri wa mkono huigizwa kwa urahisi, kwa hiyo mnunuzi makini hatalipa fedha nyingi kwa picha tu. Usiziweke mtandaoni kwanza. Zipeleke kwa wataalamu wa kuthibitisha stempu, kama wale wa Royal Philatelic Society ya London, kwa zile chache ambazo thamani yake inazidi ada ya cheti. Na tafadhali usizibandue kwenye kurasa kwa mvuke wa birika.

Mjukuu wa Fundi

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki tano kutoa taarifa. Heller za kawaida nimezipangia bei, nne nne, na nimeweka kiwango ambacho ofa iliyo chini yake hukataliwa na mfumo wenyewe, jambo lililoniondolea usumbufu wa watu wanaotoa pauni moja. Nimeuza tisa. Zile sita za ukwaju alizichukua mwalimu mmoja wa historia kwa ajili ya darasa lake, naye hakujali mng'ao hata kidogo.

Rupia ya pili niliipigia picha dirishani asubuhi, pande zote mbili na ukingo, nikaiandika kwa jina lake kamili, nikaanzia pauni 18 kwa siku kumi. Kwa siku tisa nzima haikupata hata dau moja, na mama akaanza kuniuliza kila akipita sebuleni. Jumapili usiku, zikiwa zimebaki dakika mbili, ilikuwa bado pauni 18 kwa dau moja. Ilipofungwa ilikuwa pauni 41, na aliyeinunua yuko Bremen. Albamu bado iko kabatini. Nimeziona stempu nne zilizogongwa kichwa chini, na nimemwandikia Mtunza Albamu kwa faragha ili anisaidie kuamua ni zipi za kupeleka London.