Wateja 1,860 wa barua pepe, kimya miaka miwili na nusu: naanzia wapi?

Bi Hiliki, Mji Mkongwe

Asalaam alaikum wanajamvi. Nna duka la viungo na sabuni za mwani. Wateja wengi ni wageni waliokwisharudi kwao: Italia, Ujerumani, Ufaransa. Nna anwani 1,860. Kama 1,200 walijaza fomu ya tovuti wakakubali kupokea habari; 660 nimezinakili kutoka kitabu cha wageni cha dukani. Barua ya mwisho ilitoka miaka miwili na nusu iliyopita. Sasa tunapeleka vifurushi nje kwa posta, nataka wajue kabla ya msimu wa Juni. Natumia gmail. Nikizituma zote siku moja kuna ubaya? Na niandike nini baada ya kimya chote hicho?

Fundi Mwanakwerekwe

Waalaikum salaam Bi Hiliki. Ubaya upo, tena mkubwa. Gmail ya kawaida haivuki wapokeaji 500 kwa siku, na ukiwatia wote mstari mmoja kila mtu ataziona anwani za wenziwe. Ukihamia huduma ya kutuma kwa wingi ukaacha "@gmail.com" kama mtumaji, umeharibu zaidi: masharti ya Google ya Februari 2024 yanakataza kujifanya unatuma kutoka gmail kwa mtambo usio wao. Nunua domeni ya duka (jina lako la mtandaoni, linalokaa baada ya @), kisha kwenye DNS yake (daftari la mipangilio ya domeni) weka SPF, DKIM na DMARC, mistari inayomthibitishia anayepokea kuwa barua ni yako kweli. DMARC ianzie p=none (yaani kutazama tu), usikimbilie kuzuia.

Halafu pembua orodha kama unavyopembua mchele. Anwani zinakufa. Tangu Disemba 2023 Google wanafuta akaunti zisizoguswa miaka miwili. Makampuni mengine huifunga anwani, baadae wakaifufua iwe mtego: nyuma yake hakuna mtu, kwa hivyo anayeiandikia anajulikana papo hapo kuwa hatunzi orodha yake. Barua nzuri kabisa inaweza kuishia kwenye spamu kwa sababu hiyo, wala maneno yako hayana kosa.

Anza na walionunua tena karibuni, kisha waliokuwa wakibofya viungo (vya tovuti, si vya biriani), wa zamani kabisa mwisho. Hesabu ya "waliofungua" usiitegemee: hutokana na picha ya ndani ya barua kupakuliwa, na tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha yenyewe, mtu hata hajaisoma barua ukaambiwa kafungua.

Siku ya kwanza tuma 50, ya pili 100, kisha 200 kwa siku. Zikirudi zaidi ya mbili katika mia, simama upembue tena. Iliyorudi na namba ya hitilafu 550 5.1.1 ifute, mtu hayupo. Yenye namba inayoanza na 4 ni ya muda, sanduku limejaa au seva imezidiwa. Iache ijaribu tena. Google wanataka malalamiko ya spamu yabaki chini ya 0.1% na yasifike 0.3%. Sasa piga hesabu: katika barua 200, mlalamikaji mmoja tu ni 0.5%. Kwa hivyo kitufe cha kujitoa kiweke juu, pahala pa kuonekana. Anayejitoa hakudhuru, anayekosa pa kutokea ndiye anayebonyeza spamu.

Maalim wa Wete

Mtu hupiga hodi tatu, asipoitikiwa anarudi zake. Barua tatu basi: ya pili baada ya siku 7, ya tatu baada ya 14 nyengine. Asiyebofya wala kujibu, mtoe. Na hodi ya kwanza usiingie na kapu la bidhaa. Jina la duka liwe kwenye kichwa cha barua, maana wamekusahau:

"Duka la viungo, Mji Mkongwe Zanzibar: bado ungependa habari zetu?

Ulijaza fomu kwenye tovuti yetu, nasi tukanyamaza muda mrefu. Sasa tunaweza kukupelekea mdalasini na hiliki hadi kwako. Tutaandika mara moja kwa mwezi. Ukitaka tuendelee, bofya hapa. Hutaki, bofya hapa, hatutakusumbua tena."

Basi. Usiombe radhi aya nzima. Itafsiri kwa lugha ya mteja, tia picha moja ndogo ya mdalasini. Tuma saa 10 jioni ya kwetu. Roma kiangazi inakuwa saa 9 mchana.

Mwana wa Jambiani

Mie ningetia punguzo la asilimia 10 hodi ya kwanza. Biashara ni biashara.

Maalim wa Wete

Litie ya pili, sheikh. Kwanza tujue nani yumo ndani.

Bi Asumini

Zile 660 za kitabu cha wageni ziache kabisa. Mtu aliandika "ahsanteni kwa chai ya tangawizi", hakuandika kuwa anataka matangazo. Sheria ya data ya Ulaya inayotumika tangu Mei 2018 inawagusa hata wauzaji walio nje wakiwalenga wateja wa huko. Na mwandiko wa kitabuni ni balaa: l na 1, o na 0. Herufi moja tu, barua inarudi au inamfikia mtu asiyekujua.

Bi Hiliki, Mji Mkongwe

Ahsanteni sana. 660 nimezitoa. Domeni nimenunua, mstari wa SPF wa huduma mpya nimeuongeza, lakini barua ya majaribio imeangukia spamu. Kwenye DNS naona mistari miwili inayoanza v=spf1. Ndivyo?

Fundi Mwanakwerekwe

Sivyo, hapo ndipo ulipokwama. Domeni moja, mstari mmoja wa SPF. Ikiwa miwili, seva inayopokea inahesabu ni hitilafu, hautumiki hata mmoja. Ule mwengine bila shaka aliuweka aliyekuuzia domeni. Chukua include: ya kila mmoja uziunge hivi:

v=spf1 include:ya-kwanza include:ya-pili ~all

Ile miwili ifute, subiri saa chache, ujitumie barua kwenye gmail yako. Ifungue kwa kompyuta, bofya nukta tatu, chagua kuonyesha barua asilia. SPF, DKIM na DMARC zote ziseme PASS. DKIM ikisema FAIL, tazama ufunguo wake, yale maandishi uliyoyaweka kwenye DNS: ni mrefu, mara nyingi hukatika mwishoni wakati wa kunakili. Unakili upya. Zikipita zote tatu, toa zile 50 za mwanzo.