Unga wa bitiruti usiotaja nitrati: tunalipia nini hasa?

Ndugu wanariadha na makocha,

Nimechoshwa na wauzaji wa virutubisho wanaotutoza bei ya kuruka kwa unga wa bitiruti, huku wakikaa kimya kuhusu kitu chenyewe tunachokifuata humo, yaani nitrati, kemikali ya asili ambayo mwili huigeuza kuwa gesi ya nitriki oksidi inayopanua mishipa ya damu. Mkebe ulio mbele yangu, ambao vijana ninaowafundisha hapa Kapchorwa, Uganda, waliuchangia shilingi laki moja na nusu, umeandikwa kwa herufi kubwa "miligramu 5,000 za bitiruti kwa kipimo". Nyuma yake kuna kalori, sukari, sodiamu, hata maelezo ya kuuweka mahali pakavu. Nitrati haikutajwa popote.

Miligramu 5,000 ni gramu 5 tu. Mwongozo wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki wa mwaka 2018 unataja miligramu 310 hadi 560 za nitrati, zinywewe saa mbili hadi tatu kabla ya mashindano. Ili gramu 5 zitoe hizo 310, zaidi ya asilimia 6 ya unga ingepaswa kuwa nitrati tupu, kiwango ambacho bitiruti ya kawaida iliyokaushwa na kusagwa ni vigumu kukifikia. Isitoshe, nitrati ya bitiruti hupanda na kushuka kulingana na udongo, mbolea na mwanga wa jua, kwa hiyo uzito wa unga peke yake haumwambii mnunuzi lolote.

Nilipompigia muuzaji simu alinijibu, "Kocha, si unaona rangi yenyewe ilivyokolea?" Rangi hiyo ni ya betanini, kemikali inayoipa bitiruti wekundu wake, wala haihusiani na nitrati, ndiyo hiyo hiyo inayogeuza mkojo kuwa mwekundu, jambo ambalo vijana wangu walilifurahia wakidhani dawa imeingia mwilini.

Na tatizo si la Uganda peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulipima bidhaa 24 za bitiruti zinazonadiwa kwa wanamichezo, na ni 5 tu zilizofikisha takriban miligramu 310 kwa kipimo kimoja.

Ninachodai ni mstari mmoja kwenye lebo: miligramu za nitrati kwa kipimo, zilizopimwa maabara kwa kila mkupuo wa uzalishaji. Muuzaji asiyeweza kuuandika aondoe picha ya mkimbiaji kwenye mkebe wake. Aliye na bidhaa inayotaja kiasi hicho, tafadhali aweke hapa picha ya lebo pamoja na bei.