Naomba ushauri: alama ya + katika C++ inakula memori

Ndugu wataalamu, salamu kutoka Tanga. Ninaandika programu kwa lugha ya C++ ya kukokotoa kina cha maji katika ghuba yetu, na nimeunda klasi (aina yangu ya data) ya Matriksi, yaani jedwali la namba, inayoomba memori kwa new[] na kuirudisha kwa delete[]. Alama ya + nimeipa kazi ndani ya klasi hiyo, hivyo kina cha kawaida, maji kujaa, upepo na mawimbi vinajumlishwa kwa R = A + B + C + D, kama kwenye daftari la hesabu.

Tatizo ni kwamba kila + huzaa matriksi ya muda. Kwa safu 2,000 kwa 2,000 za namba za double (namba za desimali za baiti 8), kila moja huchukua megabaiti 32, na zote tatu hubaki hai hadi sentensi iishe, ilhali kompyuta yangu ni ya kizamani. Valgrind, programu ya kukagua matumizi ya memori, haioni memori iliyovuja. Nimeongeza konstrakta ya kuhamisha (inayochukua memori ya kitu cha muda badala ya kuinakili), iliyoletwa na C++11, toleo la mwaka 2011. Kunakili kumepungua, lakini memori za muda bado zinaombwa zilezile.

Sasa nafikiria operator+ (kazi inayotekeleza alama ya +) ya pili, inayopokea Matriksi&&, yaani rejeo la kitu cha muda, ili itumie tena memori ya kitu cha muda. Je, irudishe Matriksi au Matriksi&&? Hii ya pili inanitia shaka, kwa kuwa mtu akiandika auto&& x = A + B + C, rejeo litaelekea kwenye kitu kilichokwisha kufa. Au ni heri niachane na urembo huu, niandike R = A kisha R += B na kuendelea?