Ushauri: Tuwape motisha gani wafanyakazi wa ushirika wa akiba na mikopo ili wawe wabunifu?

Mtunza Daftari: Wakuu, heshima kwenu. Nasimamia wafanyakazi kwenye ushirika wa akiba na mikopo. Kila robo mwaka tunatoa bonasi kwa ofisa mikopo aliyekopesha na kukusanya marejesho kuliko wenzake. Marejesho yamepanda, ila mawazo mapya yamekauka kabisa. Dada wa kaunta aliona wanachama wanajaza fomu ya mkopo upya kila mara ilhali taarifa zao tunazo. Akanyamaza, kwa kuwa kusema hakumwongezei kitu. Sasa bodi inataka tulipe kila wazo litakaloletwa. Nahofia. Tufanyeje?

Binti Hesabu: Mkuu, mtu hufuata kile anachopimiwa. Ukimpima kwa idadi ya mikopo, muda wa kujaribu jambo jipya anauona hasara. Na motisha ikikaa vibaya inaumiza wateja: benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwabana wafanyakazi kwa malengo ya mauzo, wakawafungulia watu akaunti wasizoziomba. Mwaka 2016 ikatozwa faini ya dola milioni 185. Usilipe kila wazo, utaletewa rundo la karatasi tu.

Mzee wa Mizania: Mkumbuke pia huu ni ushirika. Kampuni inaweza kumpa mfanyakazi hisa kama tuzo. Kwetu ziada, yaani kinachobaki baada ya gharama, ni ya wanachama, na mkutano mkuu ndio unaoamua igawanywe vipi, kila mwanachama kura moja. Hivyo fungu la motisha lipite kwenye bajeti mapema. Halafu zawadieni timu. Hilo la fomu linamhitaji wa kaunta, ofisa mikopo na mtu wa mifumo ya kompyuta. Ukimtuza mmoja, wengine watamwachia kazi peke yake.

Nuru: Mimi ni wa kaunta. Pesa tunaipenda, tusidanganyane. Lakini kinachovunja moyo ni wazo kupotelea mezani kwa meneja. Tupeni jibu, hata la kukataa, lenye sababu. Tupeni na muda wa kulijaribu ndani ya saa za kazi. Jaribio likikwama bila uzembe, msituandikie barua ya kujieleza.

Mtunza Daftari: Asanteni sana. Je, tulipe wazo likikubaliwa au likishafanya kazi?

Mzee wa Mizania: Gawa. Kidogo likianza kujaribiwa, kilichobaki mkishaona wanachama wanapata mkopo haraka zaidi na marejesho hayajayumba. Na huyo dada wa kaunta ndiye asimamie jaribio la fomu.